Samaki wa Ua la Mgomba

Bonareri alikuwa amejiandaa kumkuta binti yake amekonda. Tangu alipotoka Kebirigo Jumapili hiyo, kabla hakujapambazuka, alikuwa akiyapanga moyoni maneno ya kumwambia mtoto aliyebaki mifupa mitupu: hatutakugombeza, baba yako hana hasira, chukua nguo zako twende nyumbani. Kwenye kikapu alibeba kuku wa kukaanga aliyefungwa kwa jani la mgomba, na galoni ndogo ya amabere amaruranu, maziwa yetu yale yanayogandia kwenye kibuyu mpaka yawe mazito ya kutafuna. Kwa vitu hivyo viwili aliamini angemtoa mtoto wake mikononi mwa nabii yeyote yule.

Sasa huyu hapa Roselyne, kwenye kituo cha magari cha Kisumu, mashavu yamejaa, ngozi inang'aa, anakimbia kumpokea kikapu.

"Mama! Umefika salama?"

Bonareri alimkumbatia, na katika kule kukumbatia akampapasa mbavu kwa ujanja, jinsi watu wanavyompima mbuzi sokoni. Mbavu hazikupatikana. Akapapasa tena upande wa pili, akakuta nyama tu. Hapo ndipo alipoanza kuchanganyikiwa, na hali hiyo haikumwacha siku nzima.

Inafaa mjue huyu Bonareri ni mtu wa namna gani, msije mkamcheka bure. Chai anayo, migomba anayo, lakini jina lake halikutokana na shamba. Jina lake limetokana na sufuria. Pale Kebirigo na vijiji vya jirani hakuna harusi, matanga wala makambi ya kanisa yanayofanyika kabla hajaulizwa kama ana nafasi. Yeye ndiye anayesimama na mwiko, kitenge kimefungwa kiunoni, akigawa minofu kwa jicho moja huku jicho lingine likiwatazama wale wanaorudi foleni mara ya pili. Watu anawajua kwa sahani zao. Nani anapenda shingo, nani anaficha mnofu chini ya ugali ili aongezwe, mzee gani wa kanisa anasema ameshiba na bado anatazama sufuria. Na mtu akikataa chakula chake kabisa, Bonareri hajiulizi kama ana njaa. Anajiuliza nimemkosea nini, au ni nani amemharibu.

Basi Roselyne, kifungua mimba wake, anayefanya kazi kwenye duka la miwani Kisumu, alipiga simu siku moja akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, mimi siku hizi nimeacha nyama."

Hilo halikumtisha sana. Wao ni Wasabato, na mafundisho ya kuacha nyama wameyasikia kila mwaka kwenye makambi. Kila mtu husema amina kwa sauti, kisha saa saba foleni ya kuku inafika mpaka nje ya uwanja. Lakini Roselyne aliendelea. Ameacha na samaki. Ameacha mayai. Ameacha hata maziwa.

Maziwa! Hakuna mchungaji wa dhehebu lolote katika nchi hii ya chai na ng'ombe aliyewahi kugusa maziwa ya mtu. Bonareri alikata simu akabaki ameketi. Jirani yake Jemimah alipoambiwa, alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mama Rose, hiyo ndiyo inaanza hivyo. Si uliona kwa televisheni wale watu wa msituni kule Pwani? Kwanza unaambiwa wacha hiki. Halafu wacha kile. Halafu unaambiwa wacha kula kabisa, uende mbinguni."

Kuanzia siku hiyo Bonareri hakupata usingizi wa maana. Osoro, mumewe, ambaye si mtu wa maneno mengi, alisema jambo moja tu: "Nenda umlete. Ukija peke yako, utaniambia nini?"

Ndiyo maana alikuja. Na ndiyo maana mashavu yale ya mtoto yalimchanganya. Angekonda, angeelewa. Walipokuwa wakitembea kuelekea mtaa wa Milimani simu ililia, na alikuwa Osoro.

"Amekonda?"

"Hapana," Bonareri alinong'ona.

"Amenenepa?"

"Eeh. Kidogo."

"Basi kuna kitu wanamwekea," Osoro akasema, kisha akakata.

Roselyne alikuwa akizungumza kwa furaha. Alimwambia mama yake kwamba leo hawatakula nyumbani, watakula mahali fulani pazuri, ambako wao hukutana kila Jumapili.

"Nyinyi ni nani?"

"Sisi watu wa chakula hiki, mama."

"Mko wengi?"

"Tunaongezeka."

"Na mna kiongozi?" Bonareri aliuliza hilo akiangalia mbele, sauti yake ameilainisha ili isishtukiwe.

"Tuseme ni Ochoki. Yeye ndiye alituanzishia."

Bonareri alimpokonya binti yake kile kikapu, akakibeba mwenyewe.

Mahali penyewe palikuwa ua wa nyuma wa nyumba ya zamani, umeezekwa mabati, kuna meza ndefu na mikebe ya rangi iliyopandwa mboga. Watu walikuwa wamekwisha kukaa, vijana wengi, wazee wawili watatu, na wote walimjua Roselyne. Kisha akatoka jikoni mwanamume mrefu, nywele zake za msokoto amezifunga kisogoni, shati lake jeupe limefika karibu na magoti. Akasimama mbele ya meza. Watu wakanyamaza bila kuambiwa.

Ndiye huyu, Bonareri alijiambia. Akakikumbatia kikapu chake.

Yule mtu alianza kutaja kilichomo katika kila sufuria, kimetoka shamba gani, kimepikwa namna gani. Alizungumza polepole na watu walimsikiliza kwa makini ambayo wazee wa kanisa la Kebirigo wangeilipia. Bonareri alisubiri asikie neno la mwisho wa dunia. Halikutajwa. Badala yake yule mtu alisema, "Haya, nani atatuombea?" Roselyne akasimama, akafumba macho, akaombea chakula kwa jina la Yesu, maneno yaleyale aliyofundishwa na mama yake akiwa mdogo, hata pale pa kuwakumbuka walio safarini. Bonareri alisema amina kwa kuchelewa. Kama huyu ni nabii wa uongo, mbona ameruhusu sala ya kweli?

Chai ikaletwa. Ilikuwa chai nzuri, hilo mkulima wa chai hawezi kufichwa, lakini ilikuwa nyeusi. Bonareri aliitazama ndani ya kikombe, akatazama na vikombe vya wengine. Vyote ni hivyo. Kwao, chai ya namna hii unampa mgeni ukiwa umepatwa na msiba mkubwa hivi kwamba hakuna aliyekumbuka kukama, ama ukiwa unataka mgeni mwenyewe aondoke mapema.

"Rose," aliinama akamnong'oneza, "ni nani amekufa?"

"Wapi, mama?"

"Hapa. Mbona chai ni nyeusi?"

Roselyne alicheka, akamsogezea jagi. "Hakuna aliyekufa. Haya, weka maziwa."

Bonareri alishusha pumzi. Alimimina, akaona chai inabadilika rangi vizuri, akanywa funda moja, akasimamisha kikombe hewani. Aliyafahamu maziwa ya ng'ombe, ya mbuzi, hata ya unga ambayo watoto walipewa shuleni. Haya hakuyafahamu.

"Haya ni maziwa ya nini?"

"Ya soya."

"Soya ile ya kupanda?"

"Ndiyo."

"Soya inakamwa wapi?" aliuliza. Msichana aliyekuwa ameketi karibu alicheka mpaka akapaliwa. Bonareri hakuona la kuchekesha. Alikuwa ameuliza swali.

Kisha sahani zikaja, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akahisi ardhi imetulia chini ya miguu yake. Samaki! Kipande kikubwa, kimekaangwa mpaka kikawa na rangi ya dhahabu, kachumbari pembeni, ndimu, na ugali wa wimbi mweusi kama ule wa nyumbani. Kumbe mambo yalikuwa yametiwa chumvi. Kumbe wanakula samaki hawa watu. Na mtu atafikaje Kisumu arudi bila kula samaki? Alimega, kikachambuka vizuri kwa tabaka, akakichovya kwenye pilipili. Kilikuwa kitamu. Alimega tena, taratibu, akitafuta miiba kwa ulimi kama mtu mwenye adabu. Akakosa. Akageuza kipande, akakichambua kwa vidole, akakosa hata huko.

"Miiba mmeitoa yote?" alimwuliza yule mtu wa shati jeupe, aliyekuwa akipita na bakuli.

"Hakukuwa na miiba, mama. Hilo ni ua la mgomba."

Kidole cha Bonareri kilisimama ndani ya kachumbari. Ua la mgomba analijua vizuri. Ni lile bonge jekundu linaloning'inia mwisho wa mkungu. Osoro hulikata kwa panga na kulitupia ng'ombe, na siku nyingine ng'ombe mwenyewe hulinusa akaliacha. Sasa yeye, mpishi wa harusi, amekaa katika mji wa samaki, ziwa liko pale chini, akilishwa chakula cha ng'ombe wake mbele ya watu. Na kilichomwuma zaidi ni kwamba kilikuwa kitamu, wala hakujua kimepikwa vipi.

Aliamua hapo kwamba imetosha. Akamgeukia yule mwanamume, akamwuliza kwa Kigusii swali ambalo kwao ndilo mtu huulizwa kabla ya lingine lolote. "Wewe ni wa nani?"

Uso wa yule mtu ulibadilika. Akaweka bakuli chini, akajibu kwa Kigusii safi, akimwita kwa jina la heshima la mama mtu mzima. "Mong'ina, kumbe. Mimi ni wa Nyamache. Baba yangu ni Mokua."

"Mokua yupi? Wako wengi."

"Mokua wa bucha."

Bonareri aliachia mdomo wazi. Mokua wa bucha! Nusu ya harusi alizopika upande ule, nyama ilitoka kwa Mokua. Alimkumbuka kwa aproni yake na mizaha yake, na kwa kutokuiba uzani.

"Mtoto wa Mokua ndiye unakataza watu nyama?"

"Mimi? Simkatazi mtu." Ochoki alikaa kwenye benchi, karibu naye. "Nilikua ndani ya ile bucha, mong'ina. Nilikuwa nashikilia kamba ya ng'ombe akichinjwa tangu nikiwa shule ya msingi. Siku moja nilichoka tu, nikaanza kupika vitu vingine. Hawa walikuja wenyewe."

"Na unawaambia nini?"

"Nawaambia walipe wakimaliza."

Meza nzima ilicheka, naye Roselyne akacheka kuliko wote. Bonareri hakuweza. Nabii alikuwa ameyeyuka mbele yake akabaki mtoto wa Mokua, na yeye alikuwa amesafiri na hasira zote zile bila mtu wa kumwekea. Ndipo akafanya jambo ambalo baadaye, alipolikumbuka, lilimchoma usoni.

Alikiweka kikapu juu ya meza, akafungua jani la mgomba. Harufu ya kuku ikatoka, na wale vijana wakageuka mmoja mmoja. Bonareri alichagua paja, lile ambalo Roselyne alipewa tangu ana meno ya kutafuna, akalishika kwa vidole akalipeleka mpaka mbele ya mdomo wa binti yake.

"Kula kipande kimoja. Kimoja tu, nione kwa macho yangu, nikamwambie baba yako."

Roselyne aliacha kucheka. Kwao, mkono wa mama ukikuletea kitu mdomoni huulizi, unafungua. Macho yake yakajaa maji. Mkono wa Bonareri ulibaki hewani, mafuta yakimtiririka kwenye kiganja.

"Siwezi, mama."

"Ni nani amekukataza?"

"Hakuna."

"Ni mwanamume?"

"Hapana."

"Umekatazwa hospitali? Uko na ugonjwa unanificha?"

"Mama, hakuna mtu. Ni mimi tu. Nilitaka tu."

Hilo ndilo lilikuwa baya kuliko yote. Kwa nabii alikuwa na maneno, kwa mwanamume alikuwa na maneno makali zaidi, hata kwa ugonjwa alikuwa amejifunga kibwebwe. Kwa "ni mimi tu" hakuwa na kitu. Alirudisha paja kwenye jani, akalifunga, na vidole vikawa havijui kufunga jani alilolifunga maisha yake yote. Alisikia aibu. Alisikia na hasira, lakini hakujua amkasirikie nani. Akainuka, akaenda mahali pekee palipomfaa katika ua ule, yaani jikoni, akasimama mbele ya masufuria ya mtoto wa Mokua akijifanya anayakagua.

Roselyne alimfuata.

"Nisamehe, mama," Roselyne alisema.

"Kwa nini? Umenikosea nini? Umeshiba, umenenepa, unaomba Mungu." Bonareri alijifuta mafuta kwa kitenge. Kisha lile lililokuwa chini kabisa likatoka lenyewe, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitambua. "Lakini Desemba ukija, mimi nitakupa nini? Nikukalishe mezani nikutazame tu? Kama sikupi chakula, mimi ni wa nini kwako?"

Roselyne alimtazama kwa mshangao. "Si utanipa vile vya mwaka ule."

"Mwaka upi?"

"Ule wa ndizi. Ndizi za kuchemsha, viazi vitamu na chinsaga, kila siku. Tulikuwa tunakula jikoni sote, wewe unamenya huku unatuambia hadithi. Mama, hicho ndicho chakula kizuri kuliko vyote nimewahi kula. Nilipoanza mambo haya nilikuwa nakitafuta hicho, nikakuta hapa mjini hakuna anayejua kukipika."

Bonareri alishika ukingo wa meza.

Mwaka ule Osoro alikuwa amelazwa hospitali kwa muda mrefu, na ng'ombe waliondoka mmoja baada ya mwingine mpaka zizi likaota nyasi. Chinsaga alikuwa akizipika kwa maji matupu, mboga chungu zile zinazolilia maziwa, na watoto wakila alikuwa akiangalia pembeni. Hadithi alizitunga ili wasipate nafasi ya kuuliza nyama iko wapi. Wakilala alikuwa akitoka kwenda kulia migombani. Osoro alipopona na ng'ombe waliporudi, aliapa kwamba watoto wake hawataona tena sahani kavu. Hapo ndipo alipoanza kukubali kila harusi na kila matanga, maana mpishi harudi mikono mitupu. Alirudi na nyama Jumapili baada ya Jumapili, jioni, akakuta watoto wamejipikia na wamelala. Miaka yote hii alikuwa akilipa ule mwaka.

"Rose," alisema, "ule mwaka nilikuwa nawaficha njaa."

"Sisi hatukuona njaa." Roselyne alifikiri kidogo. "Tuliona uko nyumbani."

Alilisema bila uchungu wowote, kama mtu anayetaja rangi ya gauni. Hakujua amesema nini. Bonareri alimgeuzia mgongo, akafunua sufuria moja akaifunika, akafunua nyingine, mvuke ukampiga machoni, akaushukuru. Alitaka kubisha. Alitaka kusema, na zile nyama zote? Na ule mgongo ulioniuma? Lakini mtoto hakuwa amemlaumu, na usipolaumiwa utajitetea vipi?

Simu ikalia. "Mmetoka?" Osoro aliuliza. "Uko naye?"

"Nakuja peke yangu."

"Kwa nini? Wamekataa kumwachilia?"

"Hakuna aliyemshika."

"Sasa tatizo ni nini?"

"Baba Rose, usiniulize chochote mpaka nifike," alisema. "Na hata nikifika, nipe muda kidogo."

Jioni ilipokaribia Roselyne alimsindikiza kurudi kituoni. Walipita wauza samaki, samaki wenye miiba, na hakuna kati yao aliyesimama. Mbele kidogo Bonareri akauliza, kwa namna ya mtu anayeuliza jambo dogo la njiani:

"Hizo hadithi, wewe bado unazikumbuka?"

"Zote."

Bonareri alirudi nyuma moyoni, jikoni kwake, mwaka ule. Aliona kisu, aliona maganda ya ndizi, aliona mikono yake ikimenya. Hadithi hakuiona hata moja. Hata jina la mnyama mmoja hakulipata.

"Nianzie moja," alisema.

Roselyne alimshika mkono wavuke barabara, akaanza kusimulia. Ilikuwa habari ya mwanamke mmoja aliyekwenda mtoni akamkuta fisi anafua nguo. Bonareri alisikiliza kwa makini sana, na walipofika mahali fisi alipogeuka kumsalimu yule mwanamke kwa jina lake, alisimama katikati ya watu na mizigo.

"Halafu?" aliuliza. "Halafu akamjibu nini?"